Mkono wa Kushoto wa Dereva

"Kushoto, baba! Ukuta huo!"

Gari la bluu kwenye skrini likakwaruza ukuta, likayumba, likarudi barabarani. Mzee akasonya kana kwamba ukuta ndio uliomfuata.

Mama Chaji alikuwa amepiga magoti akichomeka simu za wateja kwenye soketi. Umeme ukija haukawii kuondoka, na bei yake ilikuwa imepanda tena, kwa hiyo asubuhi hakuwa na dakika ya kupoteza. Kibanda chake cha mabati kilikuwa na benchi, rundo la waya, televisheni moja na mashine moja ya gemu aliyoinunua mtumba. Jioni vijana waliotoka vibaruani walilipia kucheza. Asubuhi mashine ilikuwa ya baba yake, na mteja aliyeigusa alijua atakachoambiwa.

Mzee alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, mpaka mtaa mzima ukasahau jina lake na kumwita Dereva. Halafu kiharusi kikampiga. Mkono wa kushoto ukabaki unaning'inia. Hilo la mkono watu walilielewa. Lililowashinda kulielewa ni kwamba upande wote wa kushoto ulifutika kichwani mwake. Macho yalikuwa mazima, lakini alikula nusu ya sahani, ile ya kulia, kisha akamlaumu binti yake kwa kumpunja. Alinyoa shavu moja. Kila mlango aliupiga kwa bega la kushoto, kisha akautukana mlango. Mama Chaji alicheka naye, halafu akaenda kulia nyuma ya nyumba.

Hospitalini waliambiwa mashine ya mazoezi imeharibika, warudi mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika, ukawa na mwezi ujao wake. Siku moja dada wa mazoezi ya viungo akamvuta Mama Chaji kwenye korido.

"Una gemu ya magari?" akamnong'oneza. "Mpe mzee acheze kila siku. Macho yake hayana shida, kilicholala ni ubongo. Ukiupa kazi ya kutafuta upande ule, unaweza kujifunza njia nyingine. Siahidi, dada yangu, lakini ni afadhali kuliko kumwacha akitazama dari."

Mwanzoni gari liliganda kwenye ukuta wa kushoto toka mwanzo wa mbio hadi mwisho, na mzee akalaumu waliojenga barabara. Mama Chaji alimfunga padi, kile kidude cha kuendeshea, kwenye mkono uliokufa kwa kitambaa cha khanga. Akakaa naye asubuhi baada ya asubuhi, akipiga kelele "kushoto" mpaka majirani wakamwiga. Kidole gumba kikaanza kubonyeza. Kitambaa kikafunguliwa. Na wiki iliyopita mzee alimaliza sahani nzima, akauliza kama kuna nyongeza. Mlango tu ndio alikuwa bado anaupiga.

Pikapu ya manispaa ilisimama nje, na afisa biashara akaingia na askari wawili bila hata hodi.

"Kibali."

Mama Chaji akakitoa chini ya benchi. Afisa akakisoma akikunja midomo.

"Kuchaji simu na michezo."

"Ni gemu, bosi. Karani wenu ndiye aliyekataa kuandika gemu. Alisema si Kiswahili fasaha."

"Alisema vizuri. Sasa agizo linasema mashine zote za michezo zikusanywe. Zinaharibu watu."

"Agizo ni la zile za kamari, za kutumbukiza sarafu! Hata redioni walisema."

"Redio haikukupa kibali. Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Na zile za baa hapo ng'ambo?"

Wote wakasikia mashine za baa zikilia, na mtu akilaani bahati yake asubuhi ile. Afisa hakugeuka.

"Zile kibali chake kinasema burudani."

Mama Chaji akautazama mlango wa baa. Kumbe mwenye baa hakupata karani wa fasihi. Yeye alipata karani wa kunywa naye, akaandikiwa neno linalolinda mali. Mnyonge huandikiwa neno la kumfunga, tena analipia na muhuri.

"Bosi, nakuomba," akasema, na neno hilo likamchoma mdomoni. "Hii ni dawa ya baba yangu. Mkono wake ulikuwa umekufa."

"Mpeleke kituo kipya cha mazoezi ya ubongo, pale barabara ya mahakamani. Wana skrini kubwa kubwa, wagonjwa wanaendesha magari."

"Hiyo si gemu?"

"Pale ni tiba."

Tiba ile, ziara moja tu ingemeza jasho lake la mwezi. Afisa alilijua hilo na bado akalisema, akitazama saa.

Askari wa kwanza akang'oa televisheni. Wa pili akabeba mashine, lakini waya wa padi ukakaza. Mwisho wa waya ule alikuwa mzee.

"Achia, mzee. Serikali haina mchezo."

"Hata mimi sina," mzee akasema.

Askari akaweka mashine chini, akamkamata mkono. Akavuta kidole kimoja, kingine kikajifunga. Akapanga miguu, akavuta kwa mikono miwili, jasho likamtoka. Vidole vya kushoto havikufunguka.

"Ngoja," afisa akasema, uso ukamchangamka. "Si umesema mkono umekufa?"

"Ulikuwa umekufa!"

"Mbona askari mzima anashindwa kuufungua? Umetoa taarifa za uongo kwa afisa. Hilo ni kosa jingine."

Akaliandika pale pale, kwa mwandiko mzuri.

Wakachomoa waya upande wa mashine na kuondoka, padi imebaki mkononi mwa mzee, waya unaburura sakafuni. Mama Chaji aliwatukana matusi ambayo hakujua anayajua. Alitukana mpaka sauti ikamkatika, akakaa chini katikati ya simu za watu.

Mzee akainuka. Akatembea hadi mlangoni, akaukunja ubavu kidogo, akapita bila kugusa fremu. Akasimama nje akiifuata pikapu kwa macho mpaka ikapotea.

"Wamekata kushoto," akasema.

Mama Chaji akainua kichwa.

"Kushoto, kwenye ile kona ya fundi viatu. Nimewaona." Akazungusha waya kwenye kiganja chake cha kushoto kama mtu anayejiandaa kwa safari ndefu. "Funga kibanda, mwanangu. Tunawafuata, na wakitaka kidude hiki, waje wakichukue mbele ya watu."