Kurudi Kundini

Kila Jumapili, wimbo wa pili ukikaribia kwisha, mzee wa zamu anafungua upande wa pili wa mlango wa kanisa ili ng'ombe wa Gidamis wapite. Upande mmoja unawatosha watu, lakini ng'ombe wa uwandani wana pembe pana, na mara ya kwanza walikwangua rangi. Wanaingia mmoja mmoja, wakubwa mbele, ndama nyuma, wanapita katikati ya mabenchi mpaka mbele ya madhabahu, na hapo wanasimama kwa sababu kuna ukuta. Hawapenyi. Walikufa, ni kweli, lakini ni ng'ombe, si malaika.

Waumini wamezoea. Kina mama wanakunja miguu na kuvuta mikoba yao. Anayekaa pembeni mwa njia huvaa kitenge cha zamani, maana ng'ombe akifa haachi tabia zake, na samadi yake ni samadi. Ibada ikiisha mabinti wanaizoa kwa beleshi, na vitunguu vya mchungaji havijawahi kustawi kama mwaka huu. Kijana mmoja wa kwaya alirekodi video kwa simu akaitupia kwenye magrupu. Walioitazama walisema sauti ya pili inapwaya.

Kanisa hilo liko upande wa Gendabi, chini ya mlima Hanang, pale mashamba ya ngano yanapoishia na malisho yanapoanza. Nyuma ya ukuta wa madhabahu kuna chemchemi. Kwaya ikinyamaza, maji yanasikika mpaka benchi la mwisho. Ng'ombe nao wanayasikia. Wanasimama masikio mbele mpaka baraka itolewe, kisha wanageuka na kutoka kama walivyoingia.

Aliyetoa kiwanja cha kanisa ni Hermani, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Ni mkulima wa ngano na maharage, mtu mrefu, mwenye suti ya kahawia na leso nyeupe. Leso ni ya kulilia. Ndiye anayeongoza maungamo ya dhambi, na hajawahi kuyaongoza bila kulia. Analia vizuri. Akitaja dhambi za mawazo anaanza kutetemeka sauti, akitaja za maneno sauti inakatika, na akifika kwenye matendo leso imeshalowa. Sharika nyingine, mpaka za Mbulu juu huko, huja kumwazima wakati wa wiki ya uamsho. Wanasema mkiwa na Hermani, hata mgumu wa moyo atatafuta leso.

Kiwanja alichotoa kilikuwa njia. Tangu enzi za babu zao, wafugaji wa upande wa Dirma walipitisha ng'ombe hapo kwenda kunywesha. Hermani alilima kwanza ukingo mmoja wa njia, msimu uliofuata akalima ukingo wa pili, na ilipobaki nafasi ya kupita toroli, akampa Mungu. Alijua anachofanya. Uzio wa shamba unaweza kuamriwa ung'olewe. Nyumba ya ibada, nani ataigusa?

Gidamis, ambaye boma lake ndilo la karibu na ambaye hakuwa na njia nyingine, alipeleka shauri kwenye baraza la kijiji. Baraza likataka shahidi, mtu wa siku nyingi. Akaitwa Tekla, mjane wa Basili aliyekuwa mdogo wake Hermani. Hakuna aliyeijua njia ile kuliko Tekla. Alizaliwa ng'ambo yake na kuolewa upande wa huku, na siku ya harusi yake msafara mzima ulisimama, bibi harusi na vigelegele vyake, ukisubiri ng'ombe wapite. Tekla alishika Biblia akasema hajawahi kuona ng'ombe wakipita pale.

Alisema hivyo kwa sababu ya kaburi. Basili alifariki akiwa ametengwa na kanisa kwa ajili ya pombe, na huko aliyetengwa hazikwi na mchungaji wala hapigiwi kengele. Maiti ikiwa bado ndani, Hermani alimfuata shemeji yake jikoni, akakaa karibu na mafiga.

"Basili ni damu yangu," alimwambia. "Nitasema na wazee, atazikwa kama Mkristo. Na wewe shemeji, ikitokea siku umeulizwa habari za ile njia, kumbuka familia."

Basili akapigiwa kengele, tena ndefu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema watu. Ya ng'ombe wa Gidamis ikawa ndefu. Mwaka huo mvua ilikataa, na wanyama wakalazimika kuzunguka mashamba yote mpaka Ziwa Balangida, ambako maji yana magadi na hayaondoi kiu. Wengine walianguka wakienda, wengine wakirudi. Ndama wa mwisho alikutwa amelala kichwa kikielekea chemchemi. Jumapili iliyofuata, wimbo wa pili ukikaribia kwisha, kundi zima lilikuwa mlangoni, na mzee wa zamu, ambaye ni mtu wa adabu, akawafungulia.

Wazee wa kanisa walikaa kikao. Ajenda ilikuwa kelele za kengele za ng'ombe. Waliisogeza ibada ikawa ya mchana, ng'ombe nao wakaja mchana. Siku ya ubatizo mmoja wao aliyanywa maji yote yaliyokuwa kwenye beseni, na mtoto ikabidi asubiri Jumapili nyingine kuwa Mkristo, kwa hiyo Hermani akaleta mfuniko. Ni mfuniko wa sufuria ya harusi na unabana vizuri. Habari ya njia haikutajwa. Mchungaji Lukasi, mtu mpole anayesubiri uhamisho, alihubiri kwamba kila chenye pumzi na kimsifu Bwana, na hakuna aliyemkumbusha kwamba hawa hawakuwa na pumzi.

Kisha ikaja Jumapili ya kulambwa. Hermani alikuwa amefika kwenye matendo, leso mkononi, ng'ombe jike mweupe alipomsogelea na kumlamba shavu. Mfugaji yeyote atakwambia kwamba ng'ombe halambi mtu kwa mapenzi, anafuata chumvi. Yule mweupe alilamba mara moja, akatikisa kichwa, akafuta ulimi kwenye kitambaa cha madhabahu. Akaja wa pili, naye akafanya vilevile. Machozi ya Hermani hayakuwa na chumvi. Usharika mzima uliona na hakuna aliyeguna. Chumvi yake yote, alikuwa akiitia kwenye maneno.

Wakati wa kutoka, yule mweupe alisimama kwenye benchi la Tekla. Tekla hakuwa amelia tangu msiba wa Basili, na hakukusudia kulia. Lakini ng'ombe yule alikuwa akipita kando ya ua wake kila siku, miaka yote, na ndiye aliyekuwa akimwibia majani ya mahindi, na sasa mbavu zake zilihesabika. Tekla aliona aibu. Ikamtoka machoni. Ng'ombe akamlamba, na hakuondoka. Akamlamba shavu hili na shavu lile, na nyuma yake wengine wakapanga foleni, mpaka ndama. Siku hiyo watu walichelewa kwenda kula.

Kesho yake asubuhi Tekla alishuka mpaka kwa Gidamis. Alimkuta anang'oa miti ya zizi, anaipasua kuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Tekla hakukaa. "Nilisema uongo barazani. Njia ilikuwepo. Nimekuja kutubu kwako."

"Njia mimi najua ilikuwepo," alisema Gidamis. "Si mimi ndiyo nilikuwa napita?" Akaendelea kupasua.

"Na jana ng'ombe wako wamenilamba machozi."

Hapo shoka likatulia. "Wangapi?"

"Wote."

"Hata ile nyeupe?"

"Yeye ndiye alianza."

Gidamis alikaa juu ya gogo. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na ile huzuni ya mtu anayesikia habari za nyumbani akiwa mbali.

"Basi mama, umewapa chumvi," alisema. "Kwetu sisi ukipa ng'ombe chumvi, unapeleka maji. Siku ileile. Ukipa chumvi halafu unaacha hivyo, heri usingempa."

"Hawa wameshakufa, baba."

"Wamekufa na kiu. Kiu yenyewe bado."

Wiki hiyo hiyo Gidamis alichukua fimbo na shuka lake, akapanda basi kwenda Arusha kulinda duka la mtu. Mfugaji asiye na ng'ombe ana kazi moja tu mjini, nayo ni hiyo.

Tekla akaenda kwa wazee wa kanisa. Pale usharikani toba ina utaratibu wake. Mwenye kosa anapiga magoti mbele ya watu, analitaja kosa, watu wanaitikia kwamba wamemsamehe, mchungaji anamshika mkono na kumsimamisha. Huko ndiko kunaitwa kurudi kundini, na Tekla alikutaka kwa moyo wake wote. Alitaka apige magoti, aseme aliapa uongo, aseme njia ilikuwepo na iko wapi, kisha watu watoke na majembe waifungue.

"Toba ni kati ya mtu na Mungu, shemeji," alisema Hermani. "Sema ulidanganya, inatosha. Habari za njia ni za serikali."

"Na maji?"

"Maji gani?"

"Ng'ombe wamekula chumvi, shemeji. Wanadai maji."

Mchungaji Lukasi alitazama simu yake, ingawa haikuita. Hermani akaeleza kwa upole kwamba kanisa limejengwa kwa jasho la watu, kwamba ukuta hauna kosa, na kwamba shetani hupenda kujificha kwenye mambo ya mipaka. Tekla akasema hatapiga magoti kwa toba nusu. Wazee wakalijadili hilo na kuona ni kiburi. Wakamtenga mpaka atakapotubu. Kwa maneno mengine, Tekla alitengwa kwa kosa la kutubu kupita kiasi.

Jumatatu alichukua sululu ya marehemu Basili, akazunguka nyuma ya kanisa, upande wa chemchemi, akaanza kutoboa ukuta. Hakujificha. Waliokwenda kuchota maji walimsalimia, wengine wakampa pole na kazi. Ijumaa jioni tundu lilikuwa la kupita mbuzi. Jumamosi Hermani alikuja na fundi na saruji, akaliziba.

"Umechoka, shemeji," alimwambia. "Nenda kapumzike."

Jumatatu akaanza tena. Kulikuwa na wazo la kumpeleka polisi, lakini polisi wangeuliza kwa nini mama mzima anabomoa kanisa, na ingebidi mtu ajibu. Wakaona bora kuziba. Siku hizi jambo hilo liko kwenye matangazo ya wiki: Alhamisi mazoezi ya kwaya, Ijumaa maombi ya kina mama, Jumamosi kuziba ukuta, jumuiya zitaleta mchanga kwa zamu. Viganja vya Tekla vimekuwa vigumu kama kwato, na usiku vinamuuma. Hajawahi kufikisha tundu la kupita ng'ombe.

Aliyetengwa haruhusiwi kukaa kwenye mabenchi. Jumapili Tekla anaingia na kundi, nyuma ya ndama, fimbo mkononi. Wazee walihoji kama huko si kuvunja adhabu. Mchungaji Lukasi alisoma katiba ya kanisa akaona inataja mabenchi na Meza ya Bwana. Ng'ombe haiwataji.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya Meza ya Bwana. Hermani alisimama mbele, suti ya kahawia, akauliza kama inavyoulizwa siku zote kabla ya mkate kumegwa.

"Kama yuko anayetaka kurudi kundini, ajitokeze sasa."

Watu wakageuza shingo. Tekla alikuwa amesimama katikati ya ng'ombe, mkono wake juu ya nundu ya yule mweupe, vumbi la saruji kwenye nywele.

"Mimi nimesharudi, shemeji," alisema.

Hermani alitoa leso, akaingia kwenye maungamo, akalia kuliko Jumapili zote, mabenchi ya kina mama yakalia naye. Ndama, ambaye alikufa kabla hajajifunza mengi, alimwendea. Akamlamba shavu, akasubiri, akalamba tena kuhakikisha. Kisha akarudi kwa wenzake, akasimama karibu na goti la Tekla, akautazama ukuta pamoja nao. Saruji ya jana ilikuwa bado mbichi. Nyuma yake maji yalikuwa yanasikika.