Shati la Ahadi

Kaka yangu tunamwita Ahadi kwa sababu hajawahi kutimiza hata moja. Kwa hiyo alipojitolea kumpa mdogo wetu wa kike, mgonjwa wa saratani ya damu, seli za kutengeneza damu, siku ya kuzitoa nilimpeleka hospitali mwenyewe, asije akaingia mitini.

Jirani yetu aliwahi kumtolea dada yake. Walimdunga nyongani, wakafyonza uboho wa mfupa, akachechemea wiki nzima. Ahadi alitoka chumbani baada ya saa nne tu, anatembea wima, plasta mikono yote miwili, anatafuna biskuti. Nikaingiwa na shaka papo hapo. Akadai siku hizi unachomwa sindano siku tano, seli zinatoka mifupani na kuingia kwenye damu, kisha mashine inazichuja kupitia mkononi. Nikamwambia hadithi hiyo akawasimulie watoto.

Hata ule mfuko wa seli zake sikuuamini. Waliutundika kama dripu, ukashukia kwenye mshipa wa kifuani mwa mdogo wetu. Mimi ni fundi bomba. Maji hayajui nyumba, yanakwenda ulikoyafungulia. Nikamuuliza nesi nani atazionyesha seli njia ya kwenda mifupani. Akasema uboho wenyewe unaziita, zikifika zinanasa na kuanza kazi, tena zilizotolewa kwenye damu huwahi kuliko za nyongani.

Siku ya kumi na mbili tangu awekewe seli, chembe nyeupe za damu ya mdogo wangu bado zilikuwa sifuri. Homa ilimchemsha, hata mate hayamezeki. Nilimkuta Ahadi koridoni, nikamwamuru mbele ya watu ainue shati. Kiunoni hakukuwa na alama yoyote.

"Ulikimbia sindano," nikamwambia. "Umemuua mdogo wetu."

Alishusha shati, akaondoka. Kwangu kuondoka kule kulikuwa ushahidi tosha.

Siku ya kumi na tano chembe zikaanza kupanda. Bado nikasema ni dawa tu. Mwezi wa tatu tangu awekewe seli, daktari akapima kundi la damu: mdogo wangu, aliyezaliwa na kundi O, sasa alikuwa B. Kwetu mwenye B ni mmoja tu. Mke wa Ahadi ndiye akaniambia kwamba zile siku tano za sindano mifupa ilimuuma mumewe hadi akawa analala ameketi. Niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze.

Nikampigia simu. Sikujua nianzie wapi, nikasema mdogo wetu anamuulizia, aje Jumapili.

Akaniuliza: "Nije na shati, dada, au nije bila?"