Kuni Alizoziacha Alcide

Alcide Thibodeau alifariki mwanzo wa majira ya baridi, kuni za mwaka ule zikiwa tayari bandani. Alizikata, akazipasua na kuzipanga mwenyewe, ncha zote zikitazama mlangoni, kama wanavyopanga watu wa kando ya Mto St. John. Siku ya maziko waombolezaji walipita mbele ya banda lile wakalisifu. "Amekuachia joto la kutosha, Delvina," wakamwambia mjane.

Baridi ilipokaza, hakuthubutu kuligusa rundo lile. Kila aliponyoosha mkono aliona gogo ambalo wa mwisho kulishika alikuwa mumewe, naye akaurudisha. Akaamua kununua kuni kwa jirani, miti iliyokatwa kiangazi kile kile, mizito, ncha zake nyeupe bila hata ufa. Alizitia katika tanuri la kupashia nyumba joto, kule kwenye chumba cha chini, zikawaka kwa shida huku zikitoa povu na kuchuruza maji. Naye, ili zidumu, alikiziba kilango cha hewa mpaka moto ukabaki kufuka tu.

Camille, mdogo wa marehemu, alipokuja kumletea viazi alinusa hewa kabla hata hajavua buti.

"Shemeji, humu ndani mnakausha samaki?"

"Tanuri linanuka. Limezeeka kama wewe."

"Mimi nimezeeka, lakini nanukia!"

Akateremka chini. Alichukua vipande viwili vya kuni akavigonganisha, vikatoa mlio mzito, wa kitu kilichojaa maji. Alipopanda tena, mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

"Kuni mbichi hizi, Delvina. Moshi wake unaganda ndani ya dohani kama lami, na siku moja lami ile inashika moto. Kwani zile kavu unamwekea nani?"

"Hilo halikuhusu."

"Basi ngoja nikaipige dohani brashi."

"Alcide aliisafisha."

"Aliisafisha kabla hujaanza kuilisha uchafu huu!"

"Nenda nyumbani, Camille."

Camille akaenda, na viazi akaviacha mlangoni.

Jumapili moja baada ya misa, Delvina alirudi akakuta nyumba imepoa. Binti yake Jocelyne alikuwa anakuja jioni na kitoto chake, basi akataka joto la haraka. Alilishindilia tanuri maboksi makavu na kuni, akafungua kilango cha hewa chote. Moto ukalipuka kwa nguvu, na Delvina akafurahi. Alikuwa ameanza kukoroga unga wa ploye, zile chapati za maji za kwao, jikoni aliposikia ngurumo ukutani, kama treni inayopita ndani ya nyumba. Sakafu ikatetemeka. Alipochungulia chini, bomba la tanuri lilikuwa limeiva jekundu.

Akanyakua ndoo ya maji. Alikwishafika katikati ya ngazi alipokumbuka Alcide alivyokuwa akiwafokea watoto: maji kwenye chuma cha moto yatalipasua tanuri, na mvuke utawababua nyuso. Akaiweka ndoo chini. Akafunga kilango cha hewa kabisa, akahakikisha mlango wa tanuri umebana, akapiga simu zimamoto, akatoka nje na viatu vya ndani juu ya theluji. Pale juu ya paa, dohani ilikuwa inatapika ndimi za moto na cheche.

Zimamoto wa kijiji ni majirani wa kujitolea, na wa kwanza kushuka garini alikuwa Camille. Alipita bila kumtazama, akapanda ngazi. Walimwaga unga wa kuzimia moto kutoka juu, wakapapasa kuta kuona kama joto limepenya mbaoni. Nyumba ikasalimika. Dohani ilikuwa imepasuka ndani, na mkuu wao akakataza moto usiwashwe mpaka itengenezwe.

Camille akavua kofia, akamvika shemejiye koti lake.

"Kila gogo alilishika yeye," Delvina akasema. "Nikizichoma kuni zake, nitabaki na nini?"

Camille akamfunga vifungo vya koti. "Unajua nilimnyang'anya shoka alipokuwa akizipasua? Alikuwa hawezi hata kupumua sawasawa. Akaniambia, 'Lete hapa. Yule mwanamke ana miguu ya barafu, na mimi sitakuwepo kumpasha.'"

Delvina alicheka, kicheko kikageuka kilio pale pale. Tangu maziko hakuwa amelia mbele ya mtu.

Dohani ilipowekwa bomba jipya la chuma, alikwenda bandani mwenyewe akajaza mikono. Kuni za Alcide zilishika mara moja, zikawaka kwa mwali safi. Alilisimamia tanuri akiwa na machozi, ila hakukiziba kilango. Tangu siku hiyo majivu aliyatoa kwa ndoo ya bati yenye kifuniko, akayaweka mbali na ukuta, na Camille akawa anakuja na brashi yake mara kwa mara bila kuombwa.

Theluji ilipoyeyuka, Delvina aliagiza magogo ya mwaka ujao ili yapate kiangazi kizima cha kukauka. Akaanza kuyapasua mwenyewe. Camille alisimama pembeni akamtazama.

"Shemeji, umeyapasua au umeyatafuna?"

"Yatawaka," Delvina akajibu, akainua shoka tena.