Barua ya Kulifukuza Wingu

Mimi ndiye niliyeipiga chapa barua ya kulifukuza wingu kazi, na mpaka leo roho inaniuma.

Mkurugenzi mpya wa kituo chetu cha hali ya hewa alifungua daftari la Mjomba wangu, mpimaji wa mawingu, akakuta maneno yale yale kwa miaka kumi na tisa: wingu la chini, pana, la mabonge mabonge, limefunika sehemu saba kati ya nane za anga. Mvua: hakuna.

"Miaka yote hiyo bila mvua! Linafanya kazi gani hili?"

"Linakinga jua, mkuu," Mjomba akasema. "Linaurudisha mwanga huko huko ulikotoka. Bila hilo tutaiva."

"Huko ni kusimama tu. Na wewe unalitazama tu. Likiondoka, nawe unaondoka."

Mjomba alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu kwa heshima. Nami, mwenye mdomo mrefu kuliko wote ofisini, nikaufyata.

Kwa kanuni zetu, barua haijafika mpaka ipokelewe kwa saini. Mjomba akapanda ngazi hadi kwenye paa, nami nyuma yake, akainyanyua karatasi. Matone matatu yakaanguka penye mstari wa saini. Nikagonga mhuri: IMEPOKELEWA. Wingu likajikunja, likaenda zake. Mjomba naye akachukua kikombe chake cha chai, akaondoka.

Siku ya tatu lami ya uani ilimeza kiatu cha Mkurugenzi, cha kushoto. Siku ya tano, faili kichwani, akaniambia nimpeleke kwa Mjomba.

Tulilikuta wingu limetanda juu ya bati la nyumba yake, si shubiri moja zaidi. Mkazamjomba alikuwa amevaa sweta.

"Rudini wote wawili," Mkurugenzi akasema, jasho likimtiririka.

"Mimi niko tayari," Mjomba akajibu. "Lakini kanuni ni kanuni. Liombe kwa barua, likubali kwa saini."

Mkurugenzi akaandika, karatasi juu ya goti. Mjomba akainyanyua. Tukangoja. Wingu kimya. Mjomba akaishusha, akaisoma tena, midomo ikimcheza. Tone moja likadondoka penye mstari.

Lilitoka shavuni kwake. Nililiona.

Nikatoa mhuri mkobani, nikagonga kwa nguvu zangu zote. Mjomba akachukua kikombe chake, akashika njia ya kazini. Wingu likamfuata, na sisi wawili tukabaki juani, tukikimbia nyuma yake.