Sare za Kikundi cha Huduma

Saa moja asubuhi Anyesi alichemsha maji, akatia chumvi vijiko viwili, akayaacha yapoe kwenye beseni. Kisha alifunua shuka na kukiangalia kidonda kilichokuwa chini ya kiuno cha Mzee Sostenes. Kilikuwa na upana wa kisahani cha chai. Nyama ya pembezoni ilikuwa imegeuka kijivu, na usaha ulikuwa umekigandisha kitambaa. Alikibandua kitambaa polepole, akasafisha, akafunga upya. Halafu akamgeuza mzee peke yake, kwa sababu hakukuwa na mtu wa pili.

Sostenes alianguka kutoka kwenye paa la kanisa miaka mitatu iliyopita, akipigilia bati kwa kujitolea. Tangu siku hiyo miguu yake haina hisia. Mkewe alikwisha fariki, na Anyesi alikuwa jirani yake tu hapo Mkonze. Muuguzi wa zahanati alimweleza kwamba mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na kwamba kazi hiyo ni ya watu wawili. Akiburuzwa, kidonda kingine kitafunguka, na cha pili ndicho kitakachomuua.

Kanisa lilikuwa na Kikundi cha Huduma kwa Wagonjwa. Wanachama walikuwa kumi na mmoja. Walikuwa na mwenyekiti, aliyeitwa Lydia, na katibu, na sare za kitenge cha zambarau walizovaa kila Jumapili wakiketi safu ya mbele. Anyesi aliwaomba mtu mmoja, asubuhi na jioni. Walimjibu kwamba wanamwombea. Alipoomba mara ya pili, walisimama wakamwimbia.

Jumatano moja ya mwezi wa Julai, Anyesi alipokifunua kidonda, hakikutoa harufu. Aliinama zaidi, akanusa. Alisikia chumvi tu. Usaha ulikuwepo kama jana. Akamaliza kazi yake.

Jumapili harufu ilikuwa kanisani. Ilikuwa ndani ya sare. Ilitoka kwa wanachama wote kumi na mmoja, nzito na tamu kidogo, kama nyama iliyosahauliwa juani ndani ya mfuko wa plastiki. Nzi walitembea kwenye kola ya katibu. Ibada iliendelea. Mchungaji alisoma matangazo akiwa na leso puani. Hakuna aliyeuliza harufu hiyo ni ya nini, kwa kuwa kila aliyewahi kupita karibu na dirisha la Sostenes aliitambua.

Wanachama walifua sare kwa sabuni ya unga, kisha kwa ndimu, kisha kwa mafuta ya taa. Walinunua kitenge kingine dukani kwa Kishan, kikaanza kunuka kabla fundi hajakikata. Kishan alikubali kukibadilisha mara moja tu. Suala la kuacha kuvaa sare halikujadiliwa, maana askofu alitarajiwa mwezi uliofuata, na kikundi ndicho kilichopangiwa kumpokea.

Ndipo Lydia akaenda nyumbani kwa Sostenes, kwa mara ya kwanza. Alisimama mlangoni.

"Bwana Yesu asifiwe, mama."

"Amina. Karibu ndani, unishikie mabega yake."

"Nina kikao sasa hivi, mama. Nimekuja kwa ajili ya hii harufu. Ni yake."

"Ilikuwa yake."

"Basi irudishe. Yeye ameshaizoea."

Sostenes akacheka kitandani, taratibu, asijiumize.

"Iache, Anyesi," akasema. "Miaka mitatu sijahudhuria ibada. Sasa angalau kipande changu kinakaa safu ya mbele."

Lydia hakucheka. Alisema kikundi kitaliombea jambo hilo, akaondoka akiyakwepa maji ya beseni yaliyomwagwa uani, ameinua kidogo pindo la sketi.

Anyesi alirudi kitandani. Alimshika mzee mabega, akavuta. Mgongo ulimkaza, mikono ikateleza, na nyonga ya kulia ya Sostenes ikaburuzika juu ya godoro. Ngozi ilichubuka. Ijumaa mahali hapo palikuwa peusi. Jumamosi palifunguka, na ndani palionekana kitu cheupe. Anyesi alinusa. Hapakuwa na harufu yoyote.

Jumapili sare zilinuka maradufu. Mtoto mmoja alitapika wakati wa zaburi, akafutwa mdomo, zaburi ikaendelea hadi mwisho. Baada ya ibada wazee wa kanisa walikutana kwa dakika kumi na kuazimia kwamba madirisha mawili yatobolewe upande wa mashariki, unakotoka upepo. Mchungaji aliomba watu wa kujitolea. Mikono ilinyooshwa papo hapo. Walipatikana watu sita, wote wenye nguvu, na kazi ilianza mchana huohuo.