Dua ya Kufungua Hori

Tangu hori ifungwe, nyumbani kwa Masika walikuwa wakila muhogo kwa chumvi. Si wa nazi. Muhogo mtupu wa kuchemsha, na watoto walishazoea kuumeza bila kuutafuna sana. Hori ile, mkono wa bahari ulioingia mikokoni, ndiyo ilikuwa kitoweo chao. Maji yakitoka, wanawake huingia mikokoni kuokota chaza, wa kula na wa kuuza.

Wenyewe ndio walioifunga. Bwana Abdulnasir, msimamizi wa hifadhi ya bahari, aliwaomba waipumzishe mpaka chaza wanenepe, nao wakakubali kwa desturi yao, kwa dua ya Shehe Mjaka. Hori iliyofungwa kwa dua haiingiwi mpaka ifunguliwe kwa dua, hata mtu awe na njaa vipi. Abdulnasir, mzawa wa kijiji cha pili, alilijua hilo vyema. Hakuweka mlinzi hata mmoja.

Siku ya kufungua ilipokaribia, Masika aliitwa ofisini awawakilishe wenziwe. Alikwenda kwa furaha, maskini, kajifunga kanga safi. Alikuta watu wa kampuni ya utalii wameizunguka ramani na sahani ya sambusa, wanapanga safari za kutwa. Boti ya mashine itawapeleka wageni fungu la mchanga, kisha watapanda mitumbwi waingie mikokoni kimyakimya wasisumbue ndege. Boti yenyewe inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini ndege wa hifadhi, yaonekana, husumbuliwa na wanawake tu. Hakuna aliyemkaribisha sambusa.

"Bi Masika, wewe ndiye utakayetufungulia," alisema Abdulnasir. "Shehe atasoma dua, utaokota chaza, wageni wapige picha. Halafu utawarudisha."

"N'warudishe wapi?"

"Majini. Hii ni hifadhi, mama."

Masika akauliza wenziwe wataingia lini. Akajibiwa mambo ni taratibu, kwanza waone wageni watapendezwa vipi.

"Bwana Abdulnasir, tulifunga wenyewe sie. Hukutufungia weye."

"Ndiyo maana nawashukuru," alisema, akafuta mafuta ya sambusa kwa pembe ya ramani.

Masika akakubali hata hivyo, kwa sababu alikuwa na lake moyoni: dua ikishasomwa, hori imefunguka, na hakuna wa kuwazuia. Alimwambia wifi yake Mize, na Mize akawaambia wengine. Waje na ndoo.

Siku hiyo walikuja wote, wakajipanga ukingoni. Wageni walikuwa kwenye mitumbwi, wamepakwa mafuta ya jua mpaka wanang'aa, wananyoosha simu. Shehe Mjaka alikuja na joho jipya. Akainua mikono, akasoma dua ya kufungua, taratibu, kwa sauti nzuri. Ukingo mzima ukaitikia amin. Masika akaingia topeni, na kijiti chake kikampata chaza wa kwanza, mnene, mzito mkononi. Akaokota mwingine, na mwingine, akawatia ndooni. Alipogeuka, Mize na wenziwe walikuwa wameshavua viatu, wanateremka, matope yamewafika vifundoni.

Abdulnasir hakupaza sauti. Alimtazama Shehe tu.

Shehe akainua mikono tena. Akaanza dua ya kufunga.

Wanawake wakasimama pale pale. Mize alimwangalia Masika, kisha akauchomoa mguu topeni, wa kwanza na wa pili, akarudi ukingoni. Wakarudi wote. Hakuna aliyewasukuma. Mgeni mmoja aliwapiga picha wakipanda, akatabasamu kwa heshima.

"Shehe," alisema Masika, "hiyo kweli ni dua?"

Shehe aliitazama mikono ya joho lake.

"Mwaga, Bi Masika," alisema Abdulnasir kwa upole. "Halafu unawe. Matope yakikauka hayapendezi kwenye picha."

Akamwaga. Chaza walizama kwenye maji ya rangi ya chai, na wageni wakapiga makofi. Mitumbwi ikageuzwa.

Kutoka nje ya hori ulisikika mngurumo wa boti ya pili, ikileta wageni wengine. Abdulnasir aliwaomba wanawake wasiondoke, wanapendeza pale walipo. Shehe Mjaka alisafisha koo, akainua mikono, akaanza dua ya kufungua; na wanawake, dua haiachwi bila kuitikiwa, wakasimama na ndoo tupu wakisema amin.