Fundi Asiye na Bosi

"Bosi wako ni nani?"

"Sina bosi, citoyen. Najifanyia kazi mwenyewe."

"Mugeni hana bosi, iko muzururaji. Mwingine!"

Hiyo ilikuwa mara ya nne mwaka ule wa 1975, katika ofisi ya wageni katikati ya Lubumbashi. Karani alinirudishia makaratasi yangu kwa kuyasukuma na kidole kimoja, kama anasukuma mende. Mgiriki mmoja mwenye barua ya kampuni alikwisha kunipita kwa bega.

Nilikuwa fundi wa mashine za kushona. Nilitoka Ujiji na sanduku la vyuma, nikavuka ziwa mpaka Kalemie, nikashuka na treni, na kazi nikaikuta inaningoja. Wake za wachimba shaba walikuwa na mashine karibu kila nyumba. Lakini kazi ile haitaki ubishe hodi tu. Unaingia nyumba ya mtu mchana, mume yuko mgodini, unakaa saa mbili na mke wake. Lazima mwanamke mwingine akutangulie, aseme: huyu namjua. Mimi alinitangulia Virginie, mke wa mwenye nyumba niliyopanga huko Katuba, mama wa Kikatoliki wa kaskazini. Milango yote niliyoingia mji ule, ni mdomo wake ulioifungua.

Nilichokosa ni carte ya kukaa, yaani kibali cha mgeni, yenye ruhusa ya kujifanyia kazi. Bila hiyo, askari akikukuta njiani, sanduku linabaki kwake na wewe unapakiwa kwenye lori la mpakani. Nilimwona Mzambia mmoja, fundi rangi, akipakiwa na kiatu mguu mmoja.

Hapo nikafanya ujinga, na ujinga wenyewe niliutoa kwetu. Kwetu, mtu akitaka kitu cha serikali, anaonyesha kwanza kadi ya chama. Bila kadi, balozi wa nyumba kumi hakuandikii hata mstari. Nikawaza: Zaire nako chama ni kimoja, basi mambo ni yale yale. Na mume wa Virginie ndiye alikuwa kiongozi wa chama mtaani kwetu. Nyumbani tulimwita Donat. Kwenye karatasi, tangu majina ya Kikristo yakatazwe, alikuwa citoyen Mumba, yaani raia Mumba.

"Carte ya chama?" Donat alicheka mpaka akaweka bia chini. "Papa Aruna, shiye tunazaliwa mu chama. Hata mutoto mu tumbo iko memba. Weye utafanya nayo nini?"

"Waone mimi si mtu mbaya."

"Bataona uko mubaya zaidi."

Nilimsumbua wiki tatu. Mwishowe akachukua kalamu na kadi tupu ya chama. Palikuwa na mstari wa asili ya mtu, akaniuliza babu yangu alitoka wapi. Nikasema Kasongo, na sikudanganya. Ujiji tumejaa watu wa Manyema, na Kasongo iko huko, ndani ya Zaire. Akaandika Kasongo, akatia sahihi.

"Donat, utatuletea maneno mu nyumba," Virginie alisema kutoka jikoni.

"Haitaenda ku ofisi," Donat akamjibu, kisha akanigeukia. "Unasikia, papa? Ikae mu mufuko. Askari wa barabara akikusumbua, njo unamuonyesha. Ku ofisi, apana."

Nikaitika. Jumatatu nikaiweka juu kabisa ya makaratasi yangu.

Safari hiyo karani hakusukuma kitu. Alisoma, akainuka, akanipeleka chumba cha nyuma kwa mkubwa wake, mtu mnene mwenye abakosti ya kijivu, suti ile ya serikali isiyo na tai. Mkubwa aliishika kadi yangu muda mrefu.

"Citoyen wa Kasongo," akasema. "Juu ya nini mwana-inchi anaomba carte ya bageni?"

"Babu yangu ndiye wa Kasongo, mzee. Mimi ni wa Ujiji."

"Ah! Basi leta babu yako, tumupe carte yeye."

Karani akacheka kuliko kichekesho chenyewe. Mkubwa hakucheka.

"Uko mugeni, na uko na carte ya bana-inchi. Ile inaitwa faux, ya uongo. Bantu banaoza mu gereza juu ya ile." Akagonga sahihi kwa ukucha. "Haisomeke. Ni ya nani?"

Nikainama kama naisoma na mimi.

"Sikiliza. Weye hauna faida na miye. Bafundi kama weye banatembea mu barabara kama bambuzi. Miye natafuta ule anagawia bageni carte ya chama."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa carte ya kukaa, tupu, muhuri umekwisha kupigwa. Akaiweka mbele yangu, na kando yake karatasi nyeupe.

"Andika jina lake, leo leo unatoka na yako. Ukikatala, kesho uko ku mupaka, na sanduku inabaki hapa."

Ningeweza kusema kadi niliijaza mwenyewe. Nililiwaza hilo, tena kwa muda wa kutosha kulisema. Nikaandika Mumba.

"Bamumba ni bengi."

Nikaongeza: Donat, Katuba.

"Aa! Bado anaitwa Donat!" Mkubwa alifurahi kama ameongezewa nyama. Alijaza carte yangu kwa mwandiko mzuri, fundi wa kujitegemea, mwaka mmoja, akanisukumia. "Félicitations, monsieur." Hongera, bwana; si citoyen tena. "Sasa toka."

Nilirudi kwa miguu. Jeep ya askari ina mbio kuliko miguu. Nilipofika, blanketi langu na sufuria vilikuwa nje, na Virginie amesimama mlangoni.

"Bamemubeba," akasema. "Na viatu hakuvaa."

"Mama Virginie..."

"Usiniite. Ulipata karatasi?"

Nikashika mfuko wa shati.

"Nionyeshe."

Nikampa. Aliisoma yote, taratibu, kwa Kifaransa, mpaka maandishi ya kuzunguka muhuri. Akanirudishia.

"Iko muzuri. Enda, ufanye kazi."

Nikahamia chumba cha mbali kidogo. Keshoye nikaenda kwa Mama Simone, ambaye mashine yake nilikuwa nimeitengeneza mara tatu. Nje tu nilisikia sindano inapiga bati.

"Mashine yako inagonga, mama."

"Haigonge."

"Naisikia."

"Unasikia ya kwenu."

Nyumba ya pili hawakufungua. Ya tatu, mama mmoja alifungua mlango upana wa uso.

"Nani anakujua?"

Nikapitisha carte yangu hapo penye upenyo, yeye akaitazama bila kuigusa.

"Ile inakujua weye," akasema. "Miye sikujue." Na mlango ukafungwa.

Donat alitoka siku ya tisa, amekonda, uongozi wameuchukua. Tulikutana sokoni. Nilinyoosha mkono. Akautazama mkono, akamwambia muuza chumvi, "Pimia huyu kwanza, iko na haraka ya serikali," na watu wote wa pale wakageuka kunitazama.

Nilikaa Lubumbashi miezi miwili zaidi, kwa haki kabisa. Askari walinisimamisha mara sita. Mara zote sita walisoma, wakaona muhuri, wakaniacha na sanduku langu. Kopo la mafuta ya mashine lilikuwa bado limejaa nilipopanda mwenyewe lori la Sakania, kwenda mpakani.